Sahani ya Sita

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguka na mvua. Watoto wangu wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, waliletwa migongoni mwa mama zao, gambuti zikining'inia, na kufikia saa tatu darasa zima lilinuka sweta mbichi.

Sahani zangu tano zimenusurika likizo. Nilizichora Januari juu ya sahani za karatasi zilizobaki kwenye sherehe ya shule: furaha, huzuni, hasira, uoga na mshangao. Zinaning'inia kwenye kamba ukutani. Kila mtoto ana kibanio chake cha nguo chenye jina, na akiingia asubuhi anakibana kwenye sahani ya jinsi anavyojisikia. Kisha mwenzake anamuuliza nini kimetokea. Madam Idah, mkuu wetu, huiita "ile sanaa ya Teacher Nakhumicha," na kwa sauti yake sanaa maana yake ni kupoteza wakati.

Mumbi alibana kibanio chake kwenye kamba yenyewe, katikati ya sahani mbili. Nikamwambia achague uso mmoja.

"Hizi zote ni za watu wengine," akasema.

Jumatano, 30 Aprili

Lenny ameteleza kwenye matope karibu na bembea, akapasuka mdomo. Wenzake walisimama wakimtazama. Mumbi alicheka, na alicheka kweli, mpaka akashika tumbo.

Mama Lenny alikuja saa saba akiwa amekunja uso. "Huyo mtoto ana roho mbaya, teacher. Wangu asikalishwe karibu na yeye."

Mumbi hana roho mbaya. Anasoma kuliko wenzake wote, anaweza kukusomea gazeti, lakini uso wa mtu kwake ni kama sahani kabla sijaichora. Nyanyake, anayemlea, alinishika mkono getini mwezi wa kwanza akaniambia, "Mwalimu, huyu nimekuachia. Mfunze watu." Sijawahi kupewa kazi kubwa kama hiyo kwa maneno machache hivyo.

Ijumaa, 2 Mei

Hakuna stima. Mvua tu.

Jumatatu, 5 Mei

Ujumbe wa sauti umeingia kwenye grupu ya wazazi. Ni mwanamke, anaongea huku anahema. Anasema mtoto amechukuliwa upande wa Kamakis, kwamba ni mwanaume amevaa kofia ya jaketi, ana macho mekundu, anawapa watoto biskuti. Hakusema jina la mtoto wala siku. Anamalizia, "Watumie wengine kabla haijakupata wewe."

Niliusikiliza nikiwa jikoni, nikausikiliza tena. Nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa, na ilikuwa bado mchana.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Mimi ni mwoga. Tangu nianze kufundisha nina uoga mmoja mkubwa kuliko wote: kwamba mtoto wa darasa langu atachukuliwa pale getini, nikiwa nimesimama nikimwangalia. Huwa ninaota hivyo. Kwenye ndoto ninapiga kelele na sauti haitoki.

Jumatano, 7 Mei

Nimeacha kumwonyesha Mumbi nyuso. Leo nilimkalisha kando nikamwambia, "Mumbi, kama hujui mtu anaskia aje, muulize. Hata ukidhani unajua, muulize."

"Niulize nini?"

"Uliza, unaskia aje? Akikuambia, uliza ni kwa nini, ama ni nani."

Nilidhani atasahau. Aliichukua kama amri ya jeshi. Alimuuliza mpishi, akamuuliza mama wa kufagia, akauliza darasa zima mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake ile isiyojua kushuka. Saa nane alimfuata Madam Idah ofisini.

"Umekasirika?"

"Ndiyo, Mumbi."

"Ni nani amekukasirisha?"

"Ni wewe."

"Sawa," akasema Mumbi, akarudi darasani ameridhika kabisa. Nilicheka mpaka machozi. Nilihitaji kucheka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemhamishia Mumbi kwenye dawati la Apiyo. Apiyo ni mtoto mpole, macho makubwa, akiongea unamsogezea sikio. Mama yake, Akoth, anafanya kazi kiwandani Thika na huondoka alfajiri. Msichana wa jirani ndiye humleta na kumchukua. Katika wazazi wote, Akoth peke yake hajalalamika kuhusu Mumbi. Labda hajapata nafasi.

Asubuhi Apiyo alibana kibanio kwenye huzuni. Mumbi akauliza ni kwa nini. "Mathe ameenda kama bado nimelala." Mumbi akawaza. Kisha akasukuma mkate wake wote upande wa Apiyo. Mimi sikuwa nimemfunza hilo.

Jumatatu, 12 Mei

Ujumbe mwingine. Sasa wanasema ni watoto wawili, na kwamba gari lilionekana Juja. Picha ya mtoto imeambatishwa, lakini haionekani vizuri, na sweta yake si ya shule yoyote ninayoijua huku. Haijalishi. Wazazi walifika saa mbili wakasimama uani kwenye mvua, wengine na miavuli, wengine bila, na Madam Idah akalazimika kutoka.

"Nyinyi mnawafunza kulia na kupeana mkate," Mama Lenny alimwambia, lakini alikuwa akiniangalia mimi. "Mtoto wangu jana amemuuliza mlevi barabarani kama ana huzuni. Mlevi! Na watu wanaiba watoto! Wafunzeni kuogopa."

Wengine wakaitikia. Mimi ndiye niliyewaambia watoto, ukiona mtu ana huzuni, msogelee. Nimewafungua mikono halafu nikawaacha nje.

Baada ya wao kuondoka Madam Idah aliniita. "Sahani zako ni tano, eeh? Ongeza moja. Ya mtu mbaya. Waone, wajue, wakimbie."

Sikubisha. Nilitaka sana mtu aniambie la kufanya.

Jumanne, 13 Mei

Nimekaa na sahani tupu mezani tangu nitoke kazini. Mtu mbaya ana sura gani? Aliyeninyang'anya simu pale steji mwaka jana alikuwa kijana msafi, ana tabasamu zuri, aliniita dada. Sasa nichore tabasamu?

Nimechora uoga wangu mwenyewe. Macho mekundu, nyusi zimeshuka, ndevu za siku nyingi, kofia ya jaketi imefunika paji. Nimeiweka kabatini kwa sababu sikupenda ilivyokuwa ikiniangalia nikipika.

Jumatano, 14 Mei

Walipenda sahani ya sita kuliko zote. Niliwafunza, ukiona uso huu piga kelele, sema "Uso wa sita!" na ukimbilie kwa mwalimu. Tukafanya mazoezi. Mwalimu wa darasa la pili alikuja mbio akidhani kuna nyoka. Lynn, mwenye sauti kali kuliko wote, aliomba turudie, na tukarudia, na nikaona Madam Idah mlangoni akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ni mara ya kwanza ameridhika na kazi yangu.

Mumbi hakupiga kelele. Alisogea karibu na sahani, pua karibu iguse karatasi.

"Huyu anaskia aje?"

"Huyu ni mtu mbaya, Mumbi."

"Hiyo si kuskia."

"Huyu hatumuulizi. Huyu tunamkimbia."

Alinigeukia. "Ulisema hata nikijua, niulize." Nikamwambia aketi.

Jumatatu, 19 Mei

Wamempigia kelele mwanaume wa kuleta maziwa. Walimu walicheka. Baadaye wakampigia kelele baba mmoja ambaye macho yake ni mekundu kwa sababu ya baridi. Huyo hakucheka.

Jumatano, 21 Mei

Nyanyake Lynn anasema mtoto hataki kulala, anasema sahani iko dirishani.

Alhamisi, 22 Mei

Leo asubuhi sahani ya uoga ilibeba vibanio vingi mpaka ikainama upande mmoja. Furaha ilikuwa na viwili. Niliziangalia nikiwa nimeshika chaki, na nikajiambia afadhali waogope wakiwa hai. Nikajiambia hivyo hivyo tena saa nne. Wakati wa kwenda nyumbani nilikuwa bado najiambia.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imepungua, baridi imeingia. Gachau, anayenibeba na boda yake kila jioni, anasema vijana wa steji ya boda, ng'ambo ya barabara ya shule, wameelewana. Wakimwona mtu wasiyemjua karibu na shule watamshughulikia kabla polisi hawajafika. "Lala usingizi, teacher. Tuko macho." Nilimshukuru. Kweli nililala.

Ijumaa, 30 Mei

Stima zimepotea tena. Simu ya shule imezima. Tumefunga mapema, Jumatatu ni sikukuu.

Jumanne, 3 Juni

Sijui kama nitaweza kusoma haya kesho, lakini nisipoyaandika leo nitaanza kuyapunguza.

Jioni ya kuchukua watoto. Manyunyu, ukungu umeshuka, taa za barabarani hazipo kwa sababu stima hazijarudi tangu Ijumaa. Watoto walikuwa wamepanga mstari barazani, mabegi mgongoni. Nilikuwa ninawatoa mmoja mmoja, kila mtoto na mtu wake. Msichana wa jirani wa Apiyo hakuwapo.

Mwanaume alikuwa amesimama kando ya nguzo ya geti. Hakusalimu mtu. Jaketi lilikuwa limelowa, kofia imevutwa mbele. Alipoinua uso niliona macho mekundu, na ndevu zimeshikana na kitu cheupe kama unga. Mkononi alikuwa na pakiti ya biskuti.

Lynn ndiye aliyeanza. "Uso wa sita!" Kisha wote, kama nilivyowafunza, na mazoezi tuliyofanya yalikuwa mazuri. Kelele ile ilipenya kila mahali. Mwanaume alishtuka, akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine, kisha akaingia ndani ya geti akaita, "Apiyo! Apiyo, bi, njoo!" Akamshika mkono.

Apiyo alianza kulia. Nilimwangalia usoni. Macho yametoka, mdomo umefunguka, mabega yamepanda. Ilikuwa sahani yangu ya nne vile vile nilivyoichora. Ninajua uoga nikiuona, ndiyo kazi yangu. Na safari hii sauti ilitoka.

"Huyu si mzazi! Anachukua mtoto!"

Nimeliandika. Ni mimi niliyepiga kelele hizo.

Vijana wa steji walivuka barabara kabla sijavuta pumzi. Gachau alikuwa mbele, ameshika jiwe. Akina mama walioshika watoto wao kwa mkono mmoja walikuwa wanaokota mawe kwa mkono mwingine. Mtu akasema, "Oneni vile mtoto anamwogopa!" Mwanaume alikuwa akiongea, anachanganya Kiswahili na Kijaluo, "Mimi ni wao, mimi ni wa kwao," na hakuna aliyekuwa anasikiliza. Akamvuta Apiyo nyuma yake. Wakasema anamficha. Jiwe la kwanza likampiga begani. La pili likampiga juu ya jicho, nikasikia mlio wake, akaanguka kwa magoti na hakuachilia mkono wa mtoto. Biskuti zilimwagika matopeni. Kijana mmoja alisema mafuta yaletwe, achomwe. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeagiza chai.

Nilikuwa nimeshika geti. Nilitaka kusema ngojeni.

Mumbi alitoka mstarini. Hakukimbia. Alipita katikati ya miguu ya watu wazima akiwasukuma magoti, kama anavyosukuma viti darasani, akasimama kumwelekea Apiyo. Mwanaume aliyepiga magoti alikuwa kati yao na damu ilikuwa imemfunika uso nusu, na Mumbi hakumtazama yeye kwanza.

"Apiyo," akasema, kwa ile sauti isiyojua kushuka. "Uko na sahani ya uoga. Unaogopa nani?"

Apiyo alilia tu.

"Unaogopa nani?" Mumbi akauliza tena, bila kuongeza wala kupunguza. Hachoki kuuliza. Hajui kwamba kuna wakati watu hawaulizi.

Sijui ni kwa nini watu walinyamaza. Labda kwa sababu ni mtoto. Labda kwa sababu ndilo swali ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa ameuliza, tukiwa watu wazima wengi namna hiyo.

Apiyo akainua mkono ule mwingine. Akaonyesha Gachau na jiwe lake. Akaonyesha Mama Lenny. Akazungusha mkono polepole kwa watu wote waliosimama pale. "Hawa," akasema. "Hawa wanaua uncle yangu."

Gachau aliinama akaweka jiwe chini. Hakulitupa, aliliweka. Mtu nyuma akasema, "Si angesema tu," na mwingine akamwambia nyamaza. Kisha wakaanza kuondoka, upesi, kila mtu akimwita mtoto wake kwa jina, mpaka uwanja ukabaki wazi na mawe.

Ni mjomba wake kweli. Anaitwa Okello, anakata mawe kwenye machimbo ya Juja. Unga ule ulikuwa vumbi la mawe lililolowa. Msichana wa jirani alimleta asubuhi kisha akasafiri, Akoth akamwomba ndugu yake. Asubuhi Akoth alipiga simu ya shule kutujulisha, akaikuta imezima. Kiwandani wanaacha simu zao mlangoni wakiingia zamu, kwa hivyo hakuweza kujaribu tena.

Gachau na mimi tulimweka kwenye gari la mzazi mmoja aliyekuwa amebaki. Kabla mlango haujafungwa Mumbi aliingiza kichwa. "Unaskia aje?"

Okello alikuwa amefunika jicho kwa kitambaa changu cha kichwani. "Uchungu, mama," akamjibu. "Naskia uchungu mwingi."

"Ni nani amefanya?"

Hakumjibu. Mimi ningeweza kumjibu.

Jumatano, 4 Juni

Nimekuta sahani ya sita imeshaondolewa. Madam Idah ameitoa kabla watoto hawajafika. Ametuambia walimu tusiongee nje, kwamba ni kisa cha bahati mbaya na wananchi walikuwa na hasira. Hakuna aliyeuliza kelele ya kwanza ya mtu mzima ilikuwa ya nani. Naogopa wataniuliza. Halafu nikikaa naona naogopa zaidi kwamba hawataniuliza kamwe.

Apiyo hakuja.

Alhamisi, 5 Juni

Mumbi amesimama mbele ya msumari mtupu uliobeba sahani ya sita.

"Yule mtu ameenda wapi?"

"Nimekosea kumchora."

"Alikuwa anaskia aje?"

"Sijui. Sikumuuliza."

Akakubali jibu hilo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeenda Thika. Okello alihamishiwa hospitali huko kwa sababu ya jicho. Nilikaa kwenye bustani ya hospitali kwanza, nikasimama niende nyumbani, nikakaa tena. Mwishowe niliingia kwa sababu mlinzi alianza kunitazama, na siku hizi naogopa mtu akinitazama.

Akoth alikuwa ameketi kando ya kitanda na sare ya kiwanda. Ni mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Niliwaambia wote wawili, nikisimama, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kiti. Nikasema, mimi ndiye niliyepiga kelele. Nikasema, ule uso ambao watoto waliukimbia, mimi ndiye niliyeuchora, na niliuchora bila kukuona kamwe.

Akoth alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya. "Mwalimu, mtoto wangu haongei. Tangu hiyo siku. Anaongea tu kama tumefunga mlango. Kulia kwako sitaki, nataka aongee."

Okello alikuwa amefungwa bendeji nusu ya kichwa. Jicho lililobaki lilikuwa jekundu vile vile. "Haya macho yangu ni ya vumbi la mawe," akasema. "Hata harusini kwangu yalikuwa hivi. Ungeniuliza, madam. Ningekuambia tu, niko hapa kuchukua Apiyo."

"Niliogopa."

"Hata mimi." Akalala akatazama dari. "Nyote mlikuwa mnaogopa, na mimi ndiye nilikuwa peke yangu."

Daktari bado hajasema kama jicho litaona.

Jumanne, 10 Juni

Gachau alinibeba leo mpaka mlangoni. Akazima pikipiki. "Mimi niliona uso wa mtoto, teacher. Niliona na macho yangu. Nilikuwa na uhakika."

"Hata mimi, Gachau."

"Sasa mtu aamini nini?"

Nilitaka kumpa jibu zuri la mwalimu. Nikamwambia uso wa Apiyo haukudanganya, uoga tuliuona sawasawa. Sisi ndio tulioujazia sababu. Alifikiria, akawasha pikipiki, akasema kesho atanipitia mapema kwa sababu ya ukungu.

Alhamisi, 12 Juni

Mzazi mmoja ameandika kwenye grupu kwamba ule ujumbe wa sauti ni wa zamani, ulizunguka miji mingine kabla ya kufika kwetu, na yule mwanamke hakuna anayemjua. Mama Lenny aliweka picha ya maua na kuwatakia watu siku njema.

Jumatatu, 16 Juni

Nilitaka kuzitoa sahani zote. Watoto walikataa. Lynn aliuliza, "Sasa tutakuwa tunaskia wapi?" Nimeziacha, lakini tumebadilisha mchezo. Ukimwona mwenzako yuko kwenye uoga, huruhusiwi kusema ni kwa nini. Unauliza, unangoja. Wanapata shida sana kungoja. Nami napata shida, ninafungua mdomo kuwasaidia na Mumbi ananiwekea kidole mdomoni.

Mama Lenny amekuja akasema Lenny anaweza kukaa karibu na Mumbi. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake. Nilimwambia kwamba Mumbi ana dawati, anamngojea mwenye nafasi yake.

Ijumaa, 20 Juni

Akoth amepiga simu. Jicho halitaona. Apiyo atarudi Jumatatu, na mjomba wake ndiye atakayemleta. "Amesema lazima yeye ndiye amlete," akasema Akoth. "Mimi nimemkatalia. Amekataa kukatazwa."

Jumatatu, 23 Juni

Baridi ya kuuma, ukungu mpaka saa nne. Nilifika kabla ya mpishi.

Walitokea kwenye ukungu wameshikana mikono. Okello amevaa jaketi lile lile, limefuliwa, kofia ameitoa kichwani makusudi ingawa kulikuwa na manyunyu. Upande mmoja wa uso umefunikwa kitambaa cheupe. Watoto walikuwa barazani. Lynn alinigeukia mimi, mdomo umefunguka nusu, akingoja nimwonyeshe kama apige kelele au la. Mtoto wa miaka sita anangoja uso wangu umwambie mtu ni nani. Sijawahi kuuogopa uso wangu kama wakati huo.

Nikaenda getini. "Habari ya asubuhi, Okello. Umeamkaje?"

"Nimeamka," akasema. "Nimemleta." Alimpa Apiyo begi lake, akamwinamia akamwambia kitu kwa Kijaluo, kisha akasimama pale pale kwenye nguzo, mahali aliposimama siku ile, akaangalia mpaka mtoto akaingia darasani. Upande wa pili wa barabara vijana wa steji walikuwa wameinamisha vichwa wote, wakishughulika na pikipiki ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Apiyo alichukua kibanio chake. Alikaa mbele ya kamba muda mrefu, kisha akakibana kwenye uoga.

Mumbi alikuwa amemwekea nafasi. Akaja akasimama mbele yake, akauliza kama tulivyofunzana. "Unaogopa nani?" Akangoja. Darasa zima likangoja. Hata mimi nilingoja, nikidhani ataonyesha dirishani, kule barabarani.

Apiyo aliinua mkono akanionyesha mimi.

"Ni kwa nini?" akauliza Mumbi.

"Ndiye alichora uncle." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka, na mlango ulikuwa wazi.

Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nilitaka kumfikia, nimshike, nimbebe, nimwambie asiogope. Nikasimama katikati ya darasa, nikashuka taratibu nikakaa sakafuni, mikono nikaiweka magotini aione.

"Apiyo," nikasema, "nisogee hapo ulipo, ama nikae hapa?"

Alinitazama, kisha akamtazama Mumbi, na Mumbi hakumsaidia. Alikuwa anangoja kama sisi wengine.

"Kaa hapo," akasema Apiyo.

Nikakaa.